Mke Mwenzangu wa Kioo

Juzi nilialikwa dua Bongwe, nyumbani kwa Mama Mejumaa, mwanamke ambaye kwa miaka mingi alituuzia mahamri na mbaazi za nazi langoni mwa shule. Binti yake amemaliza chuo cha ualimu na karibu ataanza kufundisha, kwa hivyo mama akaona amshukuru Mungu kwa kuwalisha watu. Sisi wanawake tulikaa uani, mikekani, chini ya turubai la buluu lililokuwa likipigwa na upepo, wanne wanne kwa sinia moja. Baada ya dua Mejumaa alisimama karibu na mlango wa jiko, kajitanda mtandio wa zambarau, akasema ana maneno machache. Alimshukuru mama yake. Akawashukuru walimu wake wote kwa jumla, nami nikajiweka sawa, nikafuta mdomo, maana nilijua sasa ndipo nitatajwa. "Lakini nikisema kweli," akasema, "aliyenifundisha kusoma mimi ni tableti. Nilifika darasa la tatu sijui hata silabi moja. Nikavalishwa hedifoni, ile tableti ikawa yanisemesha sikioni, taratibu, mpaka nikaweza." Wanawake wakapiga vigelegele. Tonge lilinikwama kooni, na jirani yangu akanipa maji akidhani ni mchele.

Nimepita arobaini, mvi zangu nazificha kwa hina, na bado naweza kukionea wivu kipande cha kioo. Nilidhani umeniisha. Nilikaa pale huku wenzangu wakigombea ukoko wa pilau, mimi nimerudi shuleni kwetu upande wa Kinondo, katika mwaka ule mmoja niliogombea watoto na mashine, nikiwa bado sijafika thelathini na najiona hakuna anayejua kufundisha kusoma kama mimi Saumu. Siku hizi kila semina nikienda naulizwa: mwalimu, unaonaje, teknolojia inamsaidia mtoto kweli? Huwa najibu kwa maneno ya semina, nikakaa, nikanywa soda. Jibu langu la kweli halifai kusemwa mbele ya watu wa semina, kwa sababu linaanza na wivu.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba hapo hapo Bongwe, kwa bibi mmoja mwenye mti wa asumini uani. Kila asubuhi kabla ya kutoka nilichuma maua machache nikayabana kwa pini ndani ya buibui, karibu na shingo, na darasa langu likawa lanukia mimi mpaka saa sita. Darasa lenyewe lilikuwa la kuta za matumbawe, dirisha moja halina mbao, na mbuzi wa jirani walikuwa na tabia ya kuchungulia hapo wakati wa hesabu. Mejumaa alikaa chini ya dirisha hilo. Alikuwa na umri wa miaka tisa, kimya, mkono wake wa kulia daima umeshika ncha ya mtandio. Mwaka mmoja nyuma alisimamishwa asome mbele ya wenzake, akakwama, darasa likamcheka, na tangu hapo akiona mwalimu ameshika kitabu alikuwa anafunga mdomo kama anayemeza dawa. Nilifanya kila nililolijua. Nilimchorea silabi kwa chaki barazani. Nilimmegea mahamri yangu wakati wa chai, nikamwambia soma ba upate kipande, soma be upate kingine. Alikula kwa macho tu, mdomo hakufungua. Muhula mzima nilimbembeleza mtoto yule na hakunipa hata silabi moja.

Na nilijua kilichokuwa kikimngoja. Siku moja nilikuwa nakula mbaazi langoni, nimempa mgongo mamake, nikamsikia akizungumza na muuza maji. "Huyu mwaka huu nampa shule," alisema. "Ukiisha hajajua kusoma, nampeleka Ukunda kwa shangazi yake akamlelee mtoto. Mimi siwezi kumvisha sare mtu anayekwenda kukaa chini ya dirisha." Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akigeuza mahamri, kama mtu anayepanga safari ya kwenda sokoni. Yule shangazi nilimfahamu. Mtoto akiingia nyumba ile alikuwa harudi darasani.

Muhula wa pili ndipo zilipokuja tableti, ndani ya masanduku, pamoja na kijana wa mradi kutoka bara aitwaye Deno. Chumba tulichokuwa tukiwekea madawati mabovu kilitolewa takataka, kikapakwa rangi, kikatandikwa zulia, kikatiwa feni na pazia. Mimi nilikuwa nimeomba mbao za dirisha langu tangu nifike. Mlangoni kukabandikwa amri ya kuvua viatu, na viatu vya watoto vikawa vinapangwa pale nje safu safu, kama siku ya Ijumaa. Darasani kwangu waliingia na matope yao. "Hii kitu ni rahisi tu, madam," Deno aliniambia, akiwa amelegea ukutani na simu mkononi. "Mtoto anavaa headphones, story inajisoma, hayo maneno yanawaka moja moja. Wewe hata usijisumbue. Unakaa tu hapo nyuma unamark vitabu vyako." Mtu huyo hakuwa na ubaya wowote, alinibebea hata mkoba, lakini neno lile la kwamba nisijisumbue lilikaa kifuani mwangu kama mwiba wa samaki changu.

Mwalimu Hamisi, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri na mwenye wake wawili, ndiye aliyelipa jambo lile jina lake. Tulikuwa katika chumba cha walimu, tunakunywa chai ya tangawizi na viazi vya karai, na ratiba mpya imebandikwa ukutani: Jumatatu na Jumatano tableti, siku zilizobaki mimi. Aliisoma, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwalimu Saumu, hii ni zamu. Umeletewa mke mwenza. Bikira, tena, na chumba chake kina zulia." Nikamwambia aniache na chai yangu. "Mpokee kwa wema," akasema. "Yule wangu mkubwa alimpokea mdogo kwa uvumba na halua, na mpaka leo wanapikiana." Wote wakacheka, nami nikacheka, na moyoni nikamwuliza kama mkewe mkubwa naye alicheka. Tangu siku hiyo Jumatatu na Jumatano ziliitwa siku za bi mdogo, na watoto walizisubiri. Siku zangu waliniuliza, "Mwalimu, leo si zamu ya tableti?" huku wakiangalia ubao wangu kama mtu anayetazama kiporo.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Lililoniuma ni Mejumaa. Jumatatu ya kwanza alivua viatu, akaketi kwenye kona, Deno akamvisha hedifoni kubwa nyeusi zilizomfunika nusu ya uso. Nilikuwa nyuma na vitabu vyangu vya kusahihisha, kama nilivyoagizwa. Ndani ya tableti mlikuwa na mwanamke, sauti tamu ya Nairobi iliyovuja mpaka kwangu, anasoma hadithi ya paka wa Bi Zuhura aliyepanda juu ya kabati, na kila akimaliza ukurasa anasema, "Vizuri sana! Jaribu tena!" Nikamwona Mejumaa anatikisa midomo. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimepata kuisikia, nyembamba, ina mkwaruzo kidogo: "Paka... wa... Bi Zuhura." Mimi nilimpa mahamri yangu. Mashine haikumpa kitu, haikumjua hata jina, na siku moja tu ikampata. Nilitoka nje nikasimama kwenye viatu vya watoto nikilia kwa hasira, na mwalimu mkuu alipopita nikamwambia ni vumbi.

Baada ya wiki chache darasa zima lilikuwa linasoma hadithi ya paka kama maji. Wageni wa mradi walikuja, wakapiga picha, mmoja akatoa machozi. Mama Mejumaa aliitwa amsikie mwanawe, akaja na aproni yake ya unga, na mtoto akasoma kurasa zote bila kukwama. "Alhamdulillahi," mama akasema, "mashine ina baraka." Watoto wakaanza hata kusema kama yule mwanamke. Langoni nilimsikia kitoto kimoja kikimwambia mamake aliyekuwa akitafuta sarafu chini ya leso, "Vizuri sana! Jaribu tena!" Nikanunua mbaazi zangu nikaenda kuzila peke yangu.

Kitu fulani, hata hivyo, kilikuwa kikinisumbua. Watoto wetu karibu wote wanakwenda chuo cha Kurani jioni, kwa ustadhi, na huko wamefunzwa kuhifadhi. Mtoto wa Kinondo ukimsomea jambo mara tatu analibeba lote, na vituo vyake, na mahali pa kuvuta pumzi. Alhamisi moja, siku ya zamu yangu, niliandika ubaoni sentensi ya katikati ya hadithi ile ile: "Bi Zuhura alileta ngazi." Nikamwinua kijana aliyekuwa hodari kuliko wote. Akautazama ubao, akafumba macho, akaanza: "Paka wa Bi Zuhura alipanda juu ya kabati..." Nikamzuia. Nikamwonyesha neno ngazi. Akarudi mwanzo tena, akaipitia hadithi yote kwa upesi, mpaka akaifikia ngazi huko huko iliko. Nikamwinua wa pili, wa tatu. Wote walirudi kwa yule paka. Mwanamke wa Nairobi hakuwa amewafundisha kusoma hata kidogo; alikuwa amewahifadhisha, na wao wakamhifadhi kwa heshima zote, kama sura ya Kurani. Waliotengeneza kitu kile hawakujua watoto wa namna gani wanakiletea.

Nitasema nilivyohisi: nilifurahi. Nilifurahi furaha ya mke mkubwa aliyesikia bi mdogo ameunguza wali. Nilifuta ubao nikiwa naimba. Kisha macho yangu yakaangukia dirishani, kwa Mejumaa aliyekuwa ameshika ncha ya mtandio wake, na furaha ikanitoka yote. Nikimtangaza bi mdogo kuwa mwongo, nitakuwa nimemtangaza na mtoto huyu, na shangazi wa Ukunda yuko tayari na kitanda cha mtoto wake. Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli: mbele ya mashine ile alifungua mdomo. Mbele yangu hakufungua.

Jumatatu iliyofuata hedifoni za Mejumaa zilinyamaza. Tundu la kuchomekea hedifoni katika tableti yake lilikuwa limejaa mchanga. Watoto wetu mchanga wanatembea nao hata masikioni. Nilisimama nimbadilishie nyingine, lakini yeye hakulalamika. Nadhani aliogopa kunyang'anywa. Alizivaa vile vile, zimekufa, akawa anamsoma paka wake kwa kichwa mpaka akammaliza, akagusa kioo, ikatokea hadithi mpya asiyoijua. Pale akakwama. Maneno yaliwaka moja moja mbele yake na hapakuwa na sauti ya kuyabeba. Mkono ukaanza kutafuta ncha ya mtandio. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, vitabu mapajani. Niliinama, na bila kufikiri nikasema karibu kabisa na ile hedifoni, kwa sauti ya chini, "Mbu." Akasema, "Mbu." Nikasema, "Zi." Akasema, "Zi. Mbuzi." Hakugeuka. Kwake mashine ilikuwa imeamka.

Basi nikawa nakaa pale kila siku ya bi mdogo. Feni ilikuwa ikivuma, wengine walikuwa wakirudia kwa makelele kila mmoja na hadithi yake, na hakuna aliyenisikia isipokuwa sikio moja. Sikumsomea sentensi nzima, kwa maana nilijua angeihifadhi. Nilimpa silabi, nikanyamaza, nikamwachia kioo kimwonyeshe neno lililobaki. Akikosea sikusema vizuri sana wala jaribu tena. Nilisema, "Rudi nyuma, mwanangu. Hapo umeruka." Naye anarudi. Deno alikuja kufanya matengenezo, akaona tundu lile, akataka kuibeba. Nikamwambia hiyo niachie kama ilivyo. "Lakini haina sauti, madam." Nikamjibu, "Inatosha." Mwalimu Hamisi alichungulia siku moja dirishani, akaniona nimeinama nyuma ya mtoto, na katika chai alinitazama kwa muda mrefu bila kucheka. "Umekwenda kuvaa leso ya mke mwenzio," akasema, "ukalala chumbani kwake."

Hiyo ndiyo taabu yenyewe. Kila Jumatatu nilifanikiwa na kila mafanikio yalikuwa yake. Mejumaa alipomaliza ukurasa alikipapasa kioo kwa kiganja, kwa mapenzi, kama unavyompapasa paka. Siku zangu, darasani, chini ya dirisha, alinitazama kwa adabu ile ile ya mwanzo na mdomo uliofungwa. Nilitaka nimshike mabega nimwambie: ni mimi! Sikuweza. Angejua ni mwalimu, angenyamaza, na mwaka ulikuwa unakwisha. Nikawa na wivu na sauti yangu mwenyewe, na sijui kama yuko mwanamke mwingine pwani hii aliyefikishwa hapo.

Mwisho wa mwaka Mama Mejumaa alikuja darasani mwangu, siku ya kawaida, tableti zimefungiwa kabatini. Watu walikuwa wameshamnong'oneza kwamba watoto wanakariri tu. Alikuwa na kipande cha gazeti alichokuwa akifungia mahamri, kina doa la mafuta, akakiweka mbele ya mwanawe. "Mejumaa, nisomee hapa," akasema. "Hiki yule paka hakijui, wala mimi." Mejumaa alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, na mkono ukashika mtandio. Nilikuwa mbali naye, mbele ya ubao, na hakuna la kufanya. Kisha akauachia mtandio, akainua viganja vyote viwili akaziba masikio yake kana kwamba amevaa zile hedifoni, akainamisha kichwa. Alingoja. Akasoma: "Wavuvi... wa... Msambweni... wame... wamelalamika." Akaruka neno. Akasimama. Midomo ikatikisika bila sauti, na mimi niliyekuwa nikiitazama midomo ile nilijua inasema nini, akarudi nyuma, akalisoma neno alilolikosa. Mama alikunja gazeti lake polepole. "Mwalimu," aliniambia machozi yakimtoka, "Mwenyezi Mungu awalipe waliotuletea ile mashine." Nikasema amin. Mwezi wa kwanza nilihamishiwa shule ya Msambweni, na Mejumaa akaingia darasa la nne.

Mtu akiniuliza leo, basi, nitamjibu hivi. Wale waliokuwa wanajua kusoma, tableti iliwapeleka mbele, niliona kwa macho yangu. Wale waliokuwa hawajui iliwafundisha kumwiga mwanamke wa Nairobi. Na Mejumaa asingefungua mdomo wake kwangu kama si kujificha ndani ya zile hedifoni. Haki yake bi mdogo naitoa, ingawa inanitoka kwa shida. Lakini mtu akisema ilimfundisha kusoma, peke yake, mbele yangu, na pilau mkononi, hapo siwezi.

Watu walipoanza kutawanyika Mejumaa alinifuata uani. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia, marahaba, hongera mwanangu. Akanishika mkono akanipeleka chumbani kwake nipumzike na jua. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, masanduku mawili na zawadi za vyombo zilizorundikwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda akatoa simu. "Mwalimu, wewe ulikuwepo, labda utanisaidia. Nataka nizitumie kwa wanafunzi wangu zile hadithi, na nimezipata zote. Paka wa Bi Zuhura yuko, mbuzi yuko. Lakini sauti siyo. Sikiliza." Akabonyeza, na mke mwenzangu akaanza kusema, tamu vile vile, hajazeeka hata siku moja. "Umesikia? Siyo huyu. Ile yangu ilikuwa nzito kidogo. Haikuwa ikisoma yote, ilinipa nusu ikaniachia nusu. Na ilikuwa ikiniita mwanangu." Alicheka kwa haya. "Wenzangu chuoni wananiona mwongo. Nikiwaambia tableti yangu ilikuwa ikinukia asumini ndiyo wanacheka kabisa."

Ile pini ilikuwa pale pale shingoni mwangu, ndani ya buibui, na maua yake yamenyauka kwa joto la mchana. Nilisimama kana kwamba natafuta viatu, nikapita nyuma ya kitanda. Alikuwa amekiinamia kioo, anagusagusa, anaitafuta ile sauti katika simu. Nilijua nikisema nitamvunjia kitu alichokibeba tangu utotoni, na kwamba mwanamke mwenye moyo mpana angekwenda zake nyumbani. Mimi sina moyo mpana. Niliinama mpaka mtandio wake ukanigusa shavu.

"Rudi nyuma, mwanangu," nikasema. "Hapo umeruka."

Simu iliendelea kusema vizuri sana, jaribu tena. Mejumaa hakugeuka. Mkono wake ulipanda taratibu, ukaliziba sikio, kama siku ile ya gazeti.